Chumba cha Ziwani cha Nestori

Leo nimeshika simu nikataka kumpigia Nestori, nimwambie jamani, Nestori amefariki. Kidole kiko kwenye jina lake ndipo nikakumbuka. Akili yangu imegoma, haitaki kabisa.

Kwa msiomjua: Nestori alikuwa mkalimani wetu kwenye kambi ya wakimbizi, Kirundi na Kiswahili. Mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Jumanne alianguka ofisini, presha, hata hospitali hatukumfikisha. Jana tumemzika kwao Simbo.

Nilipanga niandike kwa upole. Lakini jana jioni, vumbi la makaburini bado liko kwenye viatu, nafungua simu nakuta hoteli moja ya hapa Kigoma imeweka picha yake, na maua, na mshumaa. "Tumempoteza Gold member wetu wa thamani."

Weee! Wa thamani tangu lini?

Jina siwataji, sitaki kuwafanyia tangazo la bure.

Tangu wakimbizi waanze kumiminika, kila kikao cha mjini ofisi ilitulaza pale. Nestori akalala, akalala, mpaka wakampa kadi ya dhahabu. Nyuma wameandika wenyewe: chumba cha kutazama ziwa kikiwa wazi, chai ya asubuhi kwa mwenye kadi na mgeni wake, na kutoka saa kumi jioni badala ya saa nne asubuhi.

Alifurahi huyo! Aliizungusha kadi ofisi nzima, hadi mlinzi wa getini akaonyeshwa.

Haya, sasa subiri uitumie. "Vyumba vya ziwani vimejaa, kaka." Vimejaa nani, dada, na funguo zinaning'inia ukutani nyuma yako? Kumbe zinawasubiri wageni wa headquarters, ambao hata ndege hawajapanda.

Mgomvi ni mimi, Nestori hakuwa mgomvi. Yeye aliiweka kadi mezani taratibu. "Dada yangu, hii mlinipa nyinyi, au niliiokota soko la Mwanga?" Dada wa mapokezi anacheka mpaka machozi. Ufunguo hatoi.

Na saa nne ikifika, ngo ngo ngo mlangoni. Muda wako umeisha, tunataka kusafisha.

Nikamwambia aitupe ziwani hiyo kadi. Akanijibu, "Nyie watu wa Tanga mnasusa haraka, Rehema. Mimi chumba kile nina kazi nacho."

Kazi yenyewe ilikuwa mama yake. Mama alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, Nestori mgongoni, wamefunikwa turubai ndani ya boti wasionekane. Simbo amelima miaka yote, uraia amepata, na bado alikuwa akisema, "Ziwa nimelivuka, ila sijaliona."

Sisi tulimcheka, maana kila akija mjini kuuza mihogo ziwa liko pale pale. Kumbe alimaanisha kulitazama akiwa amekaa. Hana mzigo kichwani, hana anakokimbilia.

Basi Nestori akachukua likizo, akalipa kwa mfuko wake. Alipiga simu mapema, wakamwambia chumba cha ziwani kipo. Mimi nikawasindikiza, nilitaka kuuona uso wa mama dirisha likifunguliwa.

Mama kavaa kitenge kipya, kabeba kikapu cha karanga na mihogo. Cha nini, mama? "Cha wenye nyumba. Nitaendaje kulala kwa watu mikono mitupu?"

Tulipofika mapokezi, meneja akaitwa. Akamtazama mama kuanzia kandambili mpaka kilemba, halafu akamuuliza Nestori, siyo mama mwenyewe: "Huyu ana kibali cha kutoka kambini?"

Kibali! Raia, mpiga kura, unamdai kibali kama mtoro! Nilipaza sauti mpaka watu waliokuwa wanakula wakaweka vijiko chini. Nestori akanishika mkono. "Rehema, tafadhali. Mama anasikia."

Wakapewa chumba cha nyuma, dirisha linatazama jenereta. Ziwani kumejaa ghafla.

Mama akasema, "Ntaco bitwaye," yaani haidhuru. Kikapu chake akakiacha pale mapokezi, na asante juu. Asubuhi akatandika kitanda na kufagia chumba, maana kwao mgeni haachi nyumba ya watu ovyo. Chai yake wakamtoza.

Tulipokaribia Simbo Nestori akasema, "Nitajaribu tena Krismasi."

Sasa sikieni ya leo. Meneja yule yule kaja matangani, na shati jeupe, na shada la maua. Kakaa mkekani kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Hoteli inakukaribisha ulale chumba cha ziwani, bure, siku yoyote, kwa heshima ya marehemu."

Nilikuwa na maneno yake mdomoni, wallahi nilikuwa nayo. Mama akanitangulia. Akatoa kadi ya Nestori, akaniomba nimsomee ilivyoandikwa.

Nikasoma: mwenye kadi, na mgeni wake.

Mama akamgeukia meneja, sauti ya chini tu. "Mwenye kadi tumemzika jana, baba. Sasa mimi nitakuja kuwa mgeni wa nani?"

Meneja alipoinuka, mama akamfungia karanga za njiani, kwa sababu hata huyo ni mgeni, na mgeni haondoki kwao mikono mitupu. Mimi nisingempa hata ganda.

Nestori, kadi yako mama kanipa. Kila nikifika pale nitaiweka mezani, wanitazame watakavyo.

Wewe lala salama, kaka yangu, upande wa ziwa. Huko hakuna wa kukugongea saa nne.