Nilisema Niko Marua

Gari langu ni la dizeli, na lina umri wa mtu mwenye wajukuu. Tangu baba aliponiachia, halijaguswa na fundi mwingine isipokuwa mimi. Mafundi wa Nyeri wakiniona napita huniuliza, "Mzee, mgonjwa anaendeleaje?" Nami huwajibu kwamba mgonjwa wangu ameshazika magari mengi mapya kuliko wanayoweza kuyahesabu. Dada yangu alikuwa akisema hicho ni kiburi nusu na ubahili nusu. Nilikuwa nikimkatalia, lakini alinijua.

Ubaya wa dizeli ni hewa. Ikiingia kwenye mpira wa mafuta, hata kidogo, injini inakata pumzi na kuzima. Kuitoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anainama chini ya boneti, analegeza nati na kungoja povu liishe mpaka dizeli itoke safi. Wa pili anakaa kwenye usukani na kupiga stata akiambiwa. Kwetu wa pili alikuwa dada yangu, tangu tukiwa vijana. Mimi nikisema "Piga!" anapiga, nikisema "Wacha!" anawacha. Akichelewa, dizeli inanirukia usoni, namgombeza, naye anacheka mpaka anashika tumbo. Hata alipoolewa Kagio na kuanza biashara yake ya mchele, gari likiniharibikia nikiwa huko alikuwa akifunga duka, anafunga kanga vizuri na kuja kukaa kwenye usukani.

Mumewe alitangulia mapema. Mtoto wao ni mmoja tu, binti, sasa ni mwalimu. Baba yetu hayupo, na ndugu wa kiume alikuwa naye mmoja tu, mimi. Nayasema haya kwa sababu ya jambo aliloniomba alipoanza kuumwa.

"Nikifa unipeleke Nyeri, kando ya kaburi la mama," aliniambia siku hiyo, tukiwa tumekaa nyuma ya duka lake. "Na kaburini unipokee wewe. Sitaki kushikwa na wanaume nisiowajua."

Kwetu Waislamu, mwanamke anaposhushwa kaburini, wanaompokea chini ni maharimu zake: mume, baba, kaka, mtoto wa kiume. Wakiwa hawapo kabisa, mtu mwingine mwema anaruhusiwa, wala hakuna dhambi. Lakini dada yangu alikuwa mwenye haya tangu utotoni, na maharimu aliyebaki nilikuwa mimi. Nikajaribu kumtania kwamba yeye ndiye atakayenizika, maana mimi ndiye mvuta sigara. Hakucheka. Alinitazama tu mpaka nikasema, "Nitakupokea."

Alifariki alfajiri. Binti yake alinipigia simu, nikapakia jeneza la msikiti nyuma ya gari na kuteremka Kagio. Wanawake walimwosha, wakamkafini, na baada ya Adhuhuri tukaanza safari ya kurudi. Swala ya maiti ingesaliwa Nyeri baada ya Alasiri, na maziko yangefanyika kabla jua halijatua. Wakati ulitosha. Mpwa wangu alikaa mbele kando yangu, shanga za tasbihi mkononi.

Tulipita Sagana salama. Kwenye mlima wa kuingia Karatina nikasikia injini inasitasita, nikajifanya sijasikia. Tulipoipita Karatina kidogo, gari likakohoa mara tatu na kuzima. Nikalivuta kando ya barabara. Ilikuwa saa tisa.

Nilifungua boneti, nikalegeza nati, nikaanza kusukuma pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Povu likatoka. Nikafunga, nikaenda kuwasha, likawaka, nikasema alhamdulillahi. Likazima. Nikarudia. Mara ya tatu, nikiwa nimeinama na spana, nilijisikia nikisema kwa sauti, "Piga!" Hakuna aliyepiga. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono wake juu ya kioo.

Lori tupu likasimama. Dereva wake alikuwa mtu wa Karatina, anakwenda Nyeri kupakia kabichi, na alikuwa na watu wake wawili wa kupakia. Alipochungulia nyuma ya gari langu na kuona jeneza, alivua kofia.

"Pole sana, mzee. Huyu ni nani yako?"

"Dada yangu."

"Na mnazika leo?"

"Leo, kabla ya magharibi."

"Sasa hii gari imekataa, si unaona? Tumbebe na lori. Iko na turubai safi, tutatandika. Wewe panda nyuma ukae na yeye, huyu mama akae mbele."

Mkristo huyo, ambaye hakuwa akinijua, aliona mara moja mahali pangu palipokuwa: nyuma, kando ya dada yangu. Mimi sikupaona. Watu wake walifagia majani ya kabichi, wakatandika turubai, wakatusaidia kumhamisha taratibu. Wakaketi kila mmoja upande wake kulizuia jeneza lisiyumbe. Nami nikabaki chini na spana yangu.

"Mjomba, panda twende," mpwa wangu alisema. "Gari liache."

"Lichunwe na wezi? Tangulieni. Hii ni hewa tu. Nitawapata kabla hamjafika mjini."

Nilijiambia ni wezi. Hawakuwa wezi. Nilikuwa nimelitunza gari hili kwa mikono yangu miaka yote, na sikutaka dada yangu afikishwe kwa lori huku langu limelala kando ya barabara, mafundi wakipata la kusimulia. Kiburi nusu, alisema. Siku ile kilikuwa kizima.

Saa kumi na nusu simu ililia. Alikuwa mzee anayesimamia maziko pale msikitini, rafiki yangu tangu madrasa.

"Tumeshasali. Uko wapi?"

"Niko njiani."

Nilikuwa mahali palepale. Nilikuwa nimekwisha kufungua filta, nikaipuliza, nikairudisha. Nikakaza kila nati niliyoiona. Kila mara gari liliwaka, likaenda hatua chache, likazima. Baadaye kidogo likawaka vizuri, likaenda, nikapita kona mbili, na simu ikalia tena.

"Kaburi liko tayari. Tumpeleke? Kuna mtu hapa ana gari, nimtume akuchukue?"

"Ya nini? Nimefika Marua. Mpelekeni, tutakutana makaburini."

Marua, karibu na mji wa Nyeri, ilikuwa mbali bado. Lakini kwetu huku maneno hayo hakuna anayeyaita uongo. Aliye bafuni husema yuko njiani, aliye njiani husema amefika, na anayengoja hujua kuongeza dakika zake kimyakimya. Mimi mwenyewe nikiambiwa mtu yuko Marua huchemsha chai kwanza. Gari lilikuwa likinguruma, moyo wangu ulikuwa umeshafika, nikasema. Yule rafiki yangu, kwa kuwa ilikuwa siku ya msiba, hakuongeza dakika. Aliniamini.

Nilipokata simu, gari likazima.

Ndipo nikalala chini ya gari, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu saa tisa. Karibu na tanki kulikuwa na mpira wa mafuta niliouziba mimi mwezi uliotangulia, kwa raba ya tyubu na waya. Nilikuwa nimeuziba kwa muda tu, nikausahau. Waya ulikuwa umelegea, na mpira ukinyonya hewa kila gari lilipopanda. Nilikuwa nimechunguza kila kitu kilichotengenezwa na watu wengine, nikaruka kazi ya mkono wangu. Nilikata sehemu iliyopasuka, nikaunganisha upya, nikatoa hewa, nikawasha. Lilinguruma sawasawa. Simu ilikuwa imelia mara nne nikiwa chini, na sikuisikia.

Niliendesha bila kuangalia pembeni. Nilipofika makaburini jua lilikuwa limezama na watu walikuwa wakitoka, wakikung'uta kanzu. Rafiki yangu alinishika bega.

"Tulikungoja, wallahi. Uliposema Marua tukamshusha kutoka garini, tukasimama naye. Tukasimama sana. Imamu akaona jua linaondoka, akasema basi."

"Nani waliompokea?"

Alinitajia fundi viatu wa pale sokoni, na mzee mmoja muuza kahawa. Wa tatu hakumjua. Alikuwa msafiri aliyesimama kusali Alasiri akaandamana na watu. Watu wema. Walitandaza kanga juu ya kaburi ili asionekane, wakafumba macho walipoweza, na kila kitu kilifanywa kwa heshima. Nilimshukuru. Sikuwa na la kumlaumu mtu.

Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa ndani, na wanaume wamekaa kwenye mikeka uani. Mpwa wangu, ambaye alikuwa ameshushwa pale kabla ya maziko, alitoka na birika na beseni ili nioshe mikono, kama inavyofanywa kwa wanaotoka kuzika. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alijaribu kunitabasamia.

"Mjomba, ulimlaza vizuri? Mama alikuwa akiogopa sana jambo hilo."

Neno "ndiyo" lilikuja mdomoni lenyewe, tayari, kama lile la Marua. Nikanyoosha mikono, naye akaanza kumimina. Maji yalipita juu ya grisi nyeusi bila kuitoa, yakaanguka kwenye beseni yakiwa safi. Waliotangulia kunawa walikuwa wameliacha beseni lile na tope jekundu la kaburini. Aliitazama mikono yangu, akalitazama beseni.

"Walimpokea watu wengine," nikasema. "Sikufika."

Alimimina mpaka maji yakaisha kwenye birika, akaliweka chini kando ya miguu yangu, akaingia ndani kwa wanawake.