Mistari Niliyoifuta Usoni pa Mama wa Watu

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nisianze kwa uongo. Mwaka huo bado nilikuwa na kibanda changu cha redio. Ni elfu mbili na kumi na tatu, maana kibanda kilikuwa kimeshafungwa, nami nimeshahamia kwenye kona ya studio ya mke wangu, na kiti changu kisicho na mgongo na sanduku la bisibisi ambazo hakuna aliyezihitaji. Mke wangu anashikilia kuwa ni kumi na mbili, lakini tuendelee.

Nilitaka kusimulia habari zake yeye, na tayari naona nimejiweka mbele. Basi nijimalize kabisa nitoke njiani. Watu waliniita Bwana Kofi. Zamani televisheni zilikuwa na tumbo nyuma, na moja ikianza kuleta chenga mtu ananiita. Naizunguka, natega sikio, nakunja uso kama daktari, halafu naichapa kofi moja ubavuni. Picha inarudi. Watu walidhani ni elimu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka zilipokuja televisheni nyembamba kama sinia, ambazo ukizipiga kofi zinaanguka. Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Mke wangu kazi yake ilikuwa sura za watu. Anapokea picha za zamani, zilizokunjwa, zilizomwagikiwa mafuta, zilizotafunwa na watoto, anaziingiza kwenye kompyuta kwa skana, kisha anakaa na miwani imemshuka puani, anafuta mkwaruzo mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hagusi picha ya asili. Anatoa nakala ndani ya mashine, anaharibu hiyo nakala apendavyo. "Fundi nguo hukata gazeti kwanza," anasema, "ndipo akate kitambaa cha mwenyewe." La pili, mwenye picha sharti akae naye mwishoni. Kila alama anauliza: hii ni ya karatasi, au ni yake? Sharti hili lilizaliwa siku alipomtengeneza bibi wa familia moja akang'aa kama sahani, na wote wakaikataa picha. "Huyu si bibi yetu," walisema. Alikuwa amemfuta baka la shavuni.

Sasa akaja yule muuza maziwa wa mtaa wetu, mwanamke mpole, mtoto mgongoni, kwapani fremu iliyofungwa kwenye kanga. Ndani yake mlikuwa na picha ya mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado ananyonya. Alilelewa na shangazi, na shangazi naye alikuwa ameshatangulia. Picha ilikuwa imegandana na kioo.

"Mama, mimi simkumbuki hata sauti," alimwambia mke wangu. "Namjua kwa karatasi hii tu. Na huyu mgongoni nimempa jina lake. Nataka akikua nimwonyeshe."

Mke wangu aliiskani vilevile, juu ya kioo. Akamwonya asijaribu kuibandua. Muuza maziwa alikwenda nyumbani akajaribu kuibandua. Kesho yake alirudi na kioo kitupu na vipande kwenye kiganja, kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo mama yule sasa alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta yetu.

"Usilie," mke wangu akamwambia. "Humu yuko salama."

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kona, nikaitikia kwa kichwa kana kwamba usalama huo mimi ndiye niliyeuweka.

Siku iliyofuata mke wangu alikwenda kupimwa macho. Aliniachia duka na neno moja: "Usiguse." Nami sikugusa, kwa muda. Lakini mashine ilikuwa imewashwa, mama wa watu yuko kwenye skrini, na nilipotazama vizuri nikaona mistari ya zambarau imempita usoni, kuanzia paji hadi kidevuni, na vijiraba vya kijani, kama vya daftari la hesabu, vimemkaa shingoni. Nikasema moyoni, masikini mke wangu, macho yamemwisha kweli, hata haya hayaoni! Ngoja nimsaidie, arudi akute kazi imekwisha.

Nilishawahi kumwona akifanya. Unashika kile kipanya, unachagua kifutio, unasugua. Basi nikasugua. Mstari nikaufuta, ukahamia pembeni. Nikaufuata. Ukapanda juu ya nyusi, nikaupandia huko huko. Mbishi alikuwa amekutana na mbishi. Mchana kutwa nilifukuza zambarau usoni pa mwanamke nisiyemjua, jasho linanitoka, na nilipochoka nikahifadhi kazi yangu kwa fahari, nikakaa kumsubiri mwenye duka anisifu.

Alirudi pamoja na muuza maziwa, walikutana njiani. Wakasimama mbele ya skrini. Mistari ilikuwa mingi kuliko mwanzo.

"Umefanya nini?"

"Nimesaidia."

"Nimekuuliza umefanya nini, sijakuuliza umejisikiaje."

Nikaeleza. Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alibonyeza mahali, printa ikakohoa, karatasi ikatoka, akaishika dirishani.

Haikuwa na mstari hata mmoja. Wala zambarau, wala kijani. Ila yule mama alikuwa na nyusi moja, shavu limeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, na midomo imevutwa hadi sikioni. Mistari niliyoifuta haikuwamo kwenye picha kamwe. Ilikuwa kwenye skrini tu. Kilichofutika ni mama wa watu.

Muuza maziwa aliitazama karatasi. "Basi nimefiwa tena," akasema taratibu.

"Hapana, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Hili ni gazeti alilolikata huyu. Kitambaa kipo. Ngoja nikufungulie." Akaweka mkono kwenye kipanya aifungue nakala ya kwanza, ile ambayo haijaguswa, na hapo hapo skrini ikatapakaa viraba vya kila rangi, ikaganda. Akazima, akawasha. Viraba. Akazima tena.

Unajua, mtu akishazoea kupiga kofi, mkono unamwasha. Nikainuka.

"Kaa chini," mke wangu akasema, bila kugeuka.

Akampigia simu mkwe wetu, mke wa mwanetu mkubwa, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta za maofisini. Simu ya mke wangu ina sauti kubwa, nikasikia kila kitu. "Mama, nakuja jioni nikitoka kazini. Msiiwashe tena. Na baba, kwa heshima zote, mwambie apumzike."

Sikupumzika. Nilikuwa na hakika ubovu ni wa skrini, kwa sababu maisha yangu yote ubovu ulikuwa wa skrini. Mke wangu alipotoka kumsindikiza muuza maziwa, nilichomoa waya, nikabadilisha na mwingine. Viraba. Nikaibeba skrini ya kinyozi wa jirani, ile anayowaonyeshea wateja mpira, huku wateja wenyewe wakinifuata nyuma na nusu ya vichwa vimenyolewa.

"Mzee, rudisha, ni dakika za mwisho!"

"Subirini, kuna mgonjwa huku."

Nikaichomeka. Viraba vile vile, rangi zile zile, vimehamia kwa kinyozi. Wateja wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema, "Bwana Kofi, mbona huichapi?" Nikairudisha skrini yao, mpira umeshakwisha, nikarudi kukaa kwenye kona yangu.

Mkwe alipofika, nilitaka kujificha nyuma ya pazia la kupigia picha. Lakini mtoto yule alilelewa. Alinisikiliza habari ya waya na ya kinyozi hadi mwisho, hakucheka, akasema, "Baba, hapo umenipunguzia kazi. Kama ugonjwa umefuata mpaka skrini nyingine, basi skrini ni nzima. Tutafute ndani."

Nikavimba. Mke wangu akaniona. "Usimpe kichwa, mwanangu, kofia zitampasuka."

Mkwe akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilikuwamo la kutosha kupanda mchicha. Akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi, bisibisi yangu, hatimaye ikapata kazi. Akatueleza kwamba mashine nyingine huwa na kadi yake ya picha, yenye kumbukumbu yake yenyewe, kama mtu mwenye nyumba yake. Hii yetu haina. Sehemu ya picha imejengwa ndani kwa ndani, na haina kumbukumbu hata kidogo. Inakopa kwenye hivi vijiti viwili vya kumbukumbu vinavyotumiwa na mashine nzima. "Ni kama mpangaji anayechota maji kwenye pipa la mwenye nyumba," akasema. "Pipa likichafuka, wa kwanza kuumwa tumbo ni yeye."

Nilitazama kona yangu, meza niliyopewa, taa isiyo yangu, chai isiyo yangu. Nikajisikia undugu na kile kitu cha picha. Mke wangu alinisomea usoni akaguna.

"Kijiti hiki kimechomoka upande mmoja," mkwe akasema. "Mashine hii iligongwa?"

Nikauficha mkono wangu wa kulia mgongoni.

"Juzi ilikuwa inavuma," nikasema.

"Muulize mkono wa baba mkwe wako," mke wangu akadakia, "ulikuwa wapi ilipokuwa inavuma."

Hapo mkwe alishindwa. Aliinama ndani ya mashine muda mrefu, mabega yanamtetemeka, akatoka na macho yamelowa, akasema ni vumbi.

Akavitoa vijiti vyote viwili. Miguu yake ya rangi ya dhahabu ilikuwa imefubaa. Akatafuta kwenye mkoba, akanipa raba, raba hii ya kawaida ya kufutia penseli. "Baba, nisaidie. Futa hapa, polepole, upande huu na huu." Akanitazama kidogo. "Hapo tu."

Nikafuta. Sijawahi kufuta kitu kwa adabu kama siku ile. Akajaribu kijiti cha kwanza peke yake: viraba vikarudi. Akajaribu cha pili peke yake, na skrini ikafunguka, nyeupe, tulivu. Cha kwanza kilikuwa kimekufa. Akatuachia tukitumie kimoja, mashine iende kizee, kama sisi.

Mke wangu akafungua nakala ya kwanza. Mama wa watu alikuwa pale, na mikwaruzo yake ya zamani yote, nyusi zake mbili, hajui lolote la mchana wangu.

Mikwaruzo mikubwa ilipokuwa imeshaondoka, muuza maziwa akaitwa. Akaketi karibu na mke wangu, mtoto mapajani. Nami niliruhusiwa kusimama, mikono nyuma. Wakaanza. Hii? Ya karatasi. Hii? Ni kioo hicho. Ikabaki alama moja ndogo chini ya jicho la kushoto, kama punje ya mchele.

"Hii ni ya karatasi, au ni yake?" mke wangu akauliza.

Muuza maziwa akasogea mpaka pua ikakaribia skrini. Akamtazama mtoto wake shavuni, kama vile jibu lingekuwa pale. Shavu lilikuwa laini tu.

"Sijui, mama," akasema. "Shangazi ndiye angejua."

Mke wangu alishika kipanya, akakiacha. Kisha akageuka, na mara ya kwanza katika miaka yetu yote pale dukani, akaniuliza mimi. "Wewe mfutaji, unasemaje?"

Nikaikaza mikono yangu huko huko nyuma. Nilikuwa nimeshafuta ya kutosha.

"Iache," muuza maziwa akasema. "Kama haikuwa yake, itakuwa yake."

Picha ikatoka hivyo. Akaibeba kifuani, siyo kwapani kama alivyokuja na ile fremu.

Mpaka leo nikienda kuchukua maziwa naikuta ukutani, na yule mtoto sasa ni msichana wa shule, akimchora bibi yake haachi kuweka punje ile chini ya jicho. Nimewauliza wazee wa mtaani walioishi zama zile. Mmoja alisema ndiyo, halafu nikagundua anamzungumzia mwanamke mwingine. Nimemuuliza mkwe wangu kama mashine inaweza kujua. Akasema, baba, mashine inajua rangi tu. Mke wangu nikimuuliza, anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaendelea na kazi.

Ile alama chini ya jicho, jamani: ilikuwa ya karatasi, au ilikuwa yake?