Taa ya Mama

Simu ililia tukiwa bado kwenye chai. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, yule anayekaa mjini Baraka. Mama mdogo alikuwa amekata roho alfajiri. Nilimwomba wachelewe kumzika, maana huku Fizi niko na mama yangu, na huyo aliyekufa ndiye ndugu wa tumbo moja aliyekuwa amembakia.

Akasema, "Kaka, bazee banakatala kumulaza mpaka kesho. Kisha swala ya azuhuri tunamutoa. Mulete mama mbele ya pale."

Kwetu sisi Waislamu wa kando ya ziwa, wanawake hawafuati jeneza makaburini. Wanaagana na maiti nyumbani. Jeneza likishatoka mlangoni, yao yamekwisha. Kwa hiyo mama alikuwa na asubuhi ile tu.

Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu mwaka uliopita. Motari wa jirani alikubali tujaribu kumkalisha kwenye pikipiki katikati yetu, lakini mguu wake ulikuwa unaburutika chini na mwili wote ukawa unaniegemea kama mzigo wa mihogo. Tukamshusha. Gari nyingine ndogo ya hapa senta ilikuwa imekwenda Kilembwe, na malori hayakuwa yamefika kwa sababu ya matope. Ilibaki gari yangu, ambayo kwa ajili ya matope hayo sikuwa nimeiwasha wiki nzima.

Nikazungusha ufunguo. Ta. Mlio mmoja, mkavu, kisha kimya.

Niliwahi kuendesha taksi Uvira, najua kwamba mlio ule una sababu chache, na kwamba mtu akizikamata zote kwa mara moja hapati hata moja. Nikaanza na honi: ikalia vizuri. Nikawasha taa za mbele: zikaangaza ukuta wa jiko. Kwa hiyo, nikawaza, umeme upo. Kisha nikamwita motari asimame mbele ya gari na kutazama zile taa wakati nazungusha ufunguo. Akasema zimekufa kabisa, halafu zimefufuka nilipoachia.

Hiyo ilinipa jibu nusu. Kama demarere, ile mota ndogo inayoamsha injini, ndiyo ingekuwa imekufa, taa zingebaki zinawaka. Zikizimika namna ile, umeme unafika kidogo tu, haufiki wa kutosha. Nikafungua vyuma vinavyoshika batri, nikavimwagia maji ya moto, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, nikavikaza. Nikazungusha. Ta.

Wakati huo motari wengine watatu walikuwa wamekusanyika nyuma ya gari, mikono tayari. Niliwaambia gari hii ni otomatike, haiwaki kwa kusukumwa. Wakasukuma vilevile mpaka kwenye mwembe wa parokia, kwa sababu mtu mwenye msiba hasaidiwi kwa kutazamwa. Haikuwaka. Yule jirani akajipangusa jasho na kusema, "Papa, gari ya kukatala kusukumwa, ni gari ao ni kiti?" Wenzake wakacheka kwa chini, wakatusukuma kurudi nyumbani.

Mke wangu alikuwa ndani muda huo wote, anamwogesha mama na kumvalisha. Alipotoka na kuona boneti imeinuliwa, akasimama pale mlangoni, kitambaa cha maji mkononi. Nikamweleza kwamba batri inawasha taa lakini haina nguvu ya kuamsha injini.

"Ile haiko batri ya gari," akasema.

Kaka yake ndiye aliyezibadilisha batri, ya gari na ya nyumba, wiki iliyopita, siku nilipokuwa nimeshuka Baraka kupanda boti ya kwenda Ubwari kutafuta samaki. Batri ya nyumba, ile ya plake, paneli ya umeme wa jua, ilikuwa imechoka, haimalizi usiku. Na mama, tangu alipopooza, hawezi kulala gizani. Taa ikizimika anaanza kuita majina ya watu waliokufa zamani. Shemeji aliona zote mbili nyeusi, ukubwa mmoja. Ile nzuri akaiweka chini ya kitanda cha mama, ile iliyochoka akaifunga kwenye gari. Alifanya kwa wema. Sikuweza hata kumkasirikia.

Tuliivuta kutoka chini ya kitanda, mama akiwa amekalishwa juu yake na kitenge chake kipya. Aliuliza tunatafuta nini. Mke wangu akamwambia. Nikaifunga, nikazungusha ufunguo. Ta-ta-ta-ta-ta, haraka, kama kuku anayedonoa bati. Ilikuwa ni batri nzima, ila imelishwa na mawingu wiki nzima, na kila usiku imelisha taa na simu za majirani.

Hakukuwa na kingine ila kuirudisha kwenye plake na kungoja jua. Jua likatoka polepole, likajificha, likatoka tena. Tulimbeba mama tukamweka kwenye kiti cha nyuma, awe tayari. Hakuwa anatutazama. Alisema mara moja tu, "Basi ni taa yangu ndiyo imekula gari."

Nilijaribu tena jua lilipokuwa limeshapita juu ya kichwa. Injini ikawaka. Motari wakapiga makofi, na kabla hawajamaliza simu ikalia. Kwa sauti za watu kwenye simu nilijua wako njiani wanabeba jeneza.

Niliogopa kuzima, nisije nikashindwa kuwasha tena. Nikabaki nimeshika usukani. Mama alikuwa amesikia.

"Zima, mutoto wangu," akasema.

Nikazima. Jioni nilitaka kumrudishia batri chini ya kitanda, akakataa. Akakataa na kesho yake. Sasa analala gizani, na tunamsikia akiita, na jina la mdogo wake limeongezeka. Batri iko kwenye gari. Kila asubuhi gari inawaka nikizungusha ufunguo mara moja tu, na mama hajaomba tena kupelekwa popote.