Siku Niliyomwingiza Kaka Yona Zambia kwa Mlango wa Uani

Niseme mapema, kabla hamjaisikia kwa wengine na chumvi zao: ndiyo, ni mimi. Yule msichana mwenye sweta la shule aliyepanda juu ya benchi pale mpakani akajitangaza mjinga mbele ya madereva wa malori, kwaya nzima na baba yake mzazi, ni mimi Skola, na video mmeiona, msijifanye. Aibu nimeimeza. Hasira ndiyo imekataa kushuka, imekaa hapa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu hadi leo nikijichunguza sioni nilikosea wapi, labda kuzaliwa Tunduma.

Kuna watu mpaka wa nchi wanauona kwenye ramani ya darasani, mstari umetulia, hausumbui mtu. Sisi mstari wetu umepita sokoni, katikati ya nyanya na mitumba. Nimevushwa mgongoni kwa Mama kabla sijajua kutembea, jino langu la kwanza liling'okea Nakonde, ng'ambo ya Zambia, nikitafuna muwa kwa Shangazi, na siku zote hizo hakuna mtu aliyenisimamisha akaniuliza naingia nchi ya watu na kibali gani. Mbuzi wa jirani yetu asubuhi anakula maganda Zambia, jioni anarudi kulala Tanzania. Sijamwona akigongewa muhuri.

Sasa, Kaka Yona. Huyu ndiye mkubwa wetu, mtu mpole, mtu wa vitabu, ukimtukana anakushukuru. Alipomaliza kidato cha sita alikaa miaka miwili analima ufuta na Baba kule Ndalambo, anaomba chuo, anakosa, anaomba tena, mpaka chuo kimoja cha Lusaka kikamkubali asomee udaktari wa mifugo. Nyumba nzima tulilia. Kisha yakaja masharti ya mwanafunzi wa kigeni, tukalia tena. Pasipoti. Vyeti vya shule vilivyohakikiwa. Cheti cha polisi kwamba si mhalifu, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi kama amevunja benki (Kaka Yona, ambaye hajawahi kuiba hata nyama ya mchuzi). Picha ya kifua! Mtu anakwenda kupima ng'ombe, wao wanataka kuona mapafu yake. Baba aliviandama vile vyeti Vwawa, Mbeya, mpaka Dar, na suti ile ile moja, tukafika mahali suti inatangulia kujua njia. Na chini kabisa ya barua ya chuo waliandika kwa wino mzito: afike mwenyewe kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, pasipoti iwe na muhuri wa kuingia nchini, la sivyo hasajiliwi, kibali cha masomo hapati, na nafasi anapewa mwingine.

Mwanafunzi wa kigeni! Shangazi yetu wa damu, dada yake Baba, anaishi Nakonde, akikaanga samaki sisi huku mtaani kwetu Sogea tunameza mate. Ugeni gani huo?

Basi Alhamisi ikafika. Mpango ulikuwa Kaka apande basi Nakonde mchana, alale njiani, Ijumaa asubuhi awe Lusaka. Tukamsindikiza mpakani, na nikisema tukamsindikiza msidhani ni watu watatu na begi. Kwaya ilikuja na sare. Mchungaji alikuja. Mama alikuja na kitenge kipya, analia tangu nyumbani bila kupumzika. Tukaimba wimbo wa kuaga kando ya foleni ya malori, Mchungaji akaomba, kisha akaombea na waliosahauliwa kwenye ombi la kwanza, mwisho Baba akaniita. "Skola, mbebee kaka yako begi mpaka dirisha la uhamiaji. Ukimwona amegongewa muhuri, unarudi shuleni. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Na kweli nilisikia. Tatizo ni ile foleni. Ilitoka ndani ya jengo, ikashuka ngazi, ikakunja kona, madereva wa malori na akina mama wa biashara na watu wenye magodoro vichwani, na jua linawaka, na mimi najua (hapa ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa) kwamba Shangazi amechinja jogoo na amepika kikanda, ule mkate wa viazi vya porini na karanga ambao nikiusikia harufu nasahau hata jina langu.

Nikamwambia Kaka, "Hii foleni utaimaliza umezeeka. Twende kwa Shangazi tukale, akubariki, kutoka kwake mpaka stendi ni pua na mdomo."

"Lakini Baba amesema dirishani."

"Baba anataka ufike Lusaka. Wewe unataka Lusaka au unataka dirisha?"

Kaka akafikiri. Mtu mwenye akili za kusoma miaka sita ya udaktari alisimama pale akafikiri, akaona hoja yangu ina maana, kwa hiyo msinilaumu peke yangu. Tukazunguka nyuma ya lori, tukapita kati ya meza ya mitumba na kibanda cha kinyozi, tukaruka mtaro wenye maji ya sabuni, na tayari, Zambia. Kinyozi hata hakuinua kichwa. Kwaya ikaona tumepotelea upande wa jengo, ikajua mambo yamekwisha, ikaanza kupiga picha za kumbukumbu.

Kwa Shangazi tulikula. Sitaeleza sana kwa sababu nitalia. Shangazi akamwekea Kaka mikono kichwani, akamwombea kwa Kinamwanga, akamalizia kwa Kibemba ili Mungu wa Lusaka naye aelewe, kisha akatusindikiza stendi na sufuria la nyama iliyobaki. Kaka akapanda basi, akakaa dirishani na suti ya Baba. Mimi chini napunga mkono, paja la kuku mkono wa pili. Nilijiona shujaa.

Ndipo akapanda afisa wa uhamiaji, mama mmoja mnene, sare imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Anapita kiti kwa kiti. Pasipoti, asante. Pasipoti, asante. Alipofika kwa Kaka akafunua. Akafunua tena. Akaigeuza juu chini kana kwamba muhuri utadondoka.

"Wewe umeingia lini Zambia?"

"Leo, Mama."

"Umepitia wapi?"

Mtu mwingine angekohoa, angesema sielewi Kiswahili, angezimia. Kaka Yona, mtoto wa Mungu, akasema kwa sauti ya kujibu swali la darasani, "Kwa kinyozi."

Basi zima likageuka.

"Nani amekupitisha kwa kinyozi?"

Na kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja, akanyoosha kidole dirishani. Abiria wote wakainama upande wangu, nusura basi lilale. Mimi na lile paja mdomoni.

"Iwe! Isa kuno!" Afisa ananiita. Nikasogea, na kwa kuwa uchungu ulishanipanda, nikajibu kabla sijaulizwa. "Mama, mimi hapa napita tangu sijaota meno."

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Mimi mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa wapi?"

"Wa kidato cha tatu."

"Nimeuliza pasipoti, sijauliza darasa!"

Abiria wakacheka, yupo mmoja aliyepiga kiti kwa kiganja. Afisa akamshusha Kaka. Kondakta hakuchelewa, akashusha begi, akasema wakimaliza kupakia mizigo wanaondoka, Mtanzania awe ndani au awe nje. Kaka akanitazama. Nikaona sasa hivi, mbele ya macho yangu, miaka miwili ya ufuta inashuka kwenye basi na yeye.

Shangazi ndiye aliyepaza sauti. "Awe, mwe bantu! Hapana, jamani! Huyu ni mtoto wa kaka yangu!" Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa basi, sufuria mapajani, na kuanzia hapo sikumwona tena, kwa sababu sisi tulikuwa tunapelekwa.

Tukapita barabara kubwa ya Nakonde mchana kweupe, afisa mbele, Kaka nyuma yake na suti, mimi mwishoni na begi kichwani na sweta la shule lenye nembo kifuani. Wale mama wauza mboga wananijua wote. "Skola, mmeiba nini?" "Skola, shule imehamia huku?" Nikatamani nembo ile ingekuwa ya shule nyingine.

Tulipofika kwenye jengo nikashusha pumzi, nikasema agonge sasa muhuri wake tuwahi basi, maana tuko hapa, pasipoti iko hapa, muhuri uko hapa. Mnajua alisema nini? "Siwezi kumgongea wa kuingia. Ameshaingia. Arudi kwao, apange foleni, aingie kama watu wanavyoingia."

Mama, yuko ndani! Umekiri mwenyewe kwamba yuko ndani! Lakini hapana, yuko ndani ila hajaingia. Nimesoma hesabu za kila aina, hiyo sijakutana nayo. Kwa kuwa ameingia hawezi kuingia, atoke kwanza, ili aingie mahali alipo. Nilifungua mdomo nimweleze, Kaka akanikanyaga mguu. (Ndiyo mara yake ya kwanza kunipiga tangu tuzaliwe.)

Wakatufungulia geti turudi. Na pale ng'ambo ya geti, kivulini mwa lori, kwaya yote ipo, inakunywa soda. Hawajaondoka! Mchungaji alikuwa bado anaongea.

Mama ndiye aliyetuona wa kwanza. Akaona mwanawe anatoka Zambia na afisa, begi kichwani kwangu. Kilio alichopiga, madereva waliokuwa wamelala kwenye malori waliamka. "Wamemfukuza! Jamani wamemfukuza mwanangu!" Mwalimu wa kwaya akachanganyikiwa, akajua lazima kiimbwe kitu, lakini nani ana wimbo wa mtu aliyefukuzwa chuo kabla hajafika? Akaanzisha ule wa kupokea wageni. Wakaitikia sauti zote nne, na makofi.

Baba akasubiri ubeti wa kwanza uishe. "Yona. Lusaka umeshafika?"

Kaka akanitazama. Kwaya ikanitazama. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akatoa simu (wewe, Mungu anakuona).

Nikaeleza. Foleni, jogoo, kinyozi, basi. Baba hakunipiga wala hakupaza sauti, na afadhali angefanya vyote viwili. Alitazama tu ile foleni, ambayo sasa ilikuwa ndefu kuliko ya asubuhi, kisha akaitazama mikono ya suti aliyomvalisha mwanawe, akasema polepole, "Basi. Tumejaribu."

Hilo neno ndilo lililonipandisha benchini. Kulikuwa na benchi kando ya foleni, nikapanda na viatu vyangu vya shule nikapiga kelele kama nauza dawa ya panya. "Jamani wazazi wangu, kaka zangu! Mimi ni mjinga! Huyu ni kaka yangu, amepata chuo, anatakiwa kesho Lusaka, mimi nimempitisha kwa kinyozi kwa sababu ya kuku, amekamatwa, basi linaondoka! Kama hamtampisha atarudi kulima ufuta, na nitaishi naye nyumba moja! Mnihurumie mimi!"

Halafu dereva mmoja wa lori mwenye kitambi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mpisheni kijana," akasema, "kuwa na mdogo kama huyu ni adhabu tosha." Wakacheka wote, nikacheka na mimi huku nalia, na ile foleni ikafunguka, mama wa godoro akarudi nyuma, Kaka akapita katikati anasema samahani, asante, samahani, asante, mpaka dirishani. Tukasikia muhuri unagonga. Nawaapia tuliusikia kutoka nje. Kwaya ikashangilia kama ni bao.

Kaka akachukua begi, akakimbia. Mimi nikamfuata, mlinzi wa geti akanyoosha mkono. "Wewe pasipoti?" Nikaona nisimjibu, nisije nikasema darasa. Basi alilikuta. Dereva alishapiga honi mpaka akachoka, lakini Shangazi alikuwa bado kwenye ngazi, anamlisha kondakta nyama, anasema basi hili litapita juu yangu.

Shuleni sasa naitwa Uhamiaji. Mwalimu wa nidhamu ameiona video, anasema ningeng'ang'ania fizikia kama nilivyong'ang'ania lile benchi ningefika mbali. Mama hanitumi hata chumvi.

Ijumaa mchana Kaka alipiga simu. Amesajiliwa. Nikamuuliza, ule muhuri waliuangaliaje? Akasema karani alifunua ukurasa, akautupia jicho, akafunga. Hivyo tu! Kwa jicho moja lile nimeaibika kwa nchi mbili! Nilianza kufoka kwenye simu, nikamwambia hiyo sheria yao haina haya, na wao hawana haya. Kaka akanikatiza. Akasema kwenye benchi la koridoni kulikuwa na kijana mwingine, ametoka nchi ya mbali kuliko sisi, na sanduku lake, pasipoti haina muhuri, wameshamwambia arudi alikotoka, na ofisi inafungwa jioni. Yeye hana shangazi pale wala kwaya.

"Anafanya nini?" nikauliza.

"Amekaa tu."

Nikawaza labda naye alisindikizwa na mdogo wake mwenye kimbelembele anayejua njia. Tangu siku hiyo mtu akinisimamisha sokoni na begi lake, akiniuliza pa kukatia kwenda Nakonde bila foleni, namwambia samahani, mimi mgeni hapa.