Utangulizi Wangu Ulivyojibiwa

Mwaka ule mchele ulipokuwa haushikiki kwa bei, hata sisi watu wa Amu, hapa Lamu, tukala sima siku ya Ijumaa (Ijumaa, jamani, na wageni wako ndani), ndio mwaka nilioaibika mbele ya wanawake wote wa mtaa, na aibu yenyewe niliiandika kwa mkono wangu. Sasa naweza kuisimulia, lakini siku hiyo nilirudi nyumbani nimejifunika buibui hadi puani.

Mimi skuli sikwenda. Kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye darasa letu la wanawake pale madrasa, baada ya alasiri, na mwalimu wetu alikuwa msichana wa bara, mpole, ana subira zake. Akatwambia kila mtu aandike insha ya jambo alijualo, siku ya kufunga darasa tusome mbele ya watu. Nikaandika mkate wa sinia, maana nani mwingine auandike? Nikaanza kama aanzavyo mtu mwenye adabu: Bismillahi, kisha salamu, kisha mamangu, Mwana Hadiya wa Siyu, aliyenifunza kusaga mchele na kupima tui kwa jicho, Mola amrehemu, na mamake aliyemfunza yeye.

Karatasi ikarudi imejaa wino mwekundu. Mwalimu akasema mbele ya darasa zima kwamba insha ni nzuri ila utangulizi umemeza kila kitu, mkate wenyewe unafika ukurasa wa pili, msomaji keshalala na njaa. Nipunguze majina, nianze na swali la kumvuta mtu.

"Mamangu simkati," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akasema hakatwi mtu, yakatwa maneno tu. Na wenzangu, wanafiki wale, wakaitikia naam, naam, Bi Maimuna, msikize mwalimu. Nikalegea (hapo ndipo nilipojiponza). Nikafuta Siyu yote, nikafuta na Mola amrehemu, nikaandika swali, nikajiona msomi kwelikweli.

Siku ikafika, madrasa imejaa hadi mlangoni, na mbele kabisa kakaa Bi Rukia, mamamkwe wa mjukuu wangu; na arusi ya mjukuu huyo niliipikia mikate mimi mwaka huo huo, kwa mchele wa vumbi, ndio uliopatikana. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma: "Je, umewahi kula mkate wa sinia ambao haukuumuka?"

Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa, swali liwaingie.

"Nimekula," akasema Bi Rukia. "Arusini kwako."

Sasa nyinyi mwatujua, mtu wa Amu akiulizwa hujibu. Aliyekaa nyuma yake akasema ni kweli, hata yeye ulimkwama kooni. Mwingine akanitetea, akasema uliumuka, ulikosa sukari tu (utetezi gani huo?). Dada yangu akainuka na mkoba wake, akauliza, kama ulikuwa mbaya, ni nani basi aliyefunga vipande kwenye leso akavipeleka Shela. Mwalimu akawa anapunga mikono, anasema watulie, lile ni swali lisilohitaji jibu. Bi Rukia akamgeukia taratibu: "Mwanangu, swali lisilotaka jibu laulizwa la nini?" Na mimi nimesimama na karatasi yangu, nakubaliana naye moyoni, na huku natamani kumrushia kiatu.

Mstari wa pili sikuufikia. Hakuna aliyesikia habari ya tui wala hiliki. Na kilichonichoma si kicheko, ni kwamba ningeanza na Mwana Hadiya, wote wangeitikia Mola amrehemu, na baada ya hapo nani angethubutu kuutia ila mkate wa marehemu ambaye ametoka kumwombea sasa hivi? Urefu ule haukuwa wa bure.

Baadaye mwalimu akanijia nyumbani, amejaa huruma, akala mkate wangu (uliumuka, muulizeni), kisha akatoa ile karatasi na kalamu. Alisema kuna siku nyingine ya kusoma, niuandike upya utangulizi, na mamangu nimrudishe, ila kwa mstari mmoja tu, mfupi. Nikamrudishia kalamu yake.

"Mamangu simkati."