Mti Aliopanda Mgeni Rasmi

Kama una tumbo jepesi, usinisogelee siku ninapoisimulia habari hii, maana mimi mwenyewe hadi leo nikifika pale mahali natema mate. Naitwa Febronia. Nauza uji na viazi vya kuchemsha nje ya lango la zahanati ya kijiji chetu, huku Mkalama, na aliyetendewa haya ni wifi yangu Scholastika, mjane wa kaka yangu.

Scholastika ni mtu wa Itigi, mtoto wa reli. Kaka alimtoa huko akamleta kwetu kulima mtama na alizeti, na tangu alipofika alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba hatuna miti ya maua. Kwao, alisema, nyumba za reli zimezungukwa na mikrismasi, Desemba ikifika kote ni kwekundu. Tulimcheka. Mti usiozaa kitu cha kutia mdomoni una kazi gani kwa mkulima?

Kilichomfanya apande ni binti yake, Belinda. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku ya kliniki akina mama walikaa juani kama kawaida, zamu haifiki, jua la saa saba linachoma utosi. Belinda akaanguka. Nilimwona kwa macho yangu akienda chini kama gunia, muuguzi akatoka mbio na ndoo ya maji. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini Scholastika hakulisahau jua lile. Akasema pale alipoanguka mwanawe patakuwa na kivuli.

Akaenda Itigi kusalimia ndugu, akarudi na maganda ya mkrismasi, meusi, marefu kama ala ya panga, ukiyatikisa mbegu zinalia ndani. Mbegu zenyewe ni ngumu, ukizifukia hivyo hivyo utazeeka ukizingoja. Alizisugua moja moja kwenye jiwe la kunolea mpaka weupe ukaonekana, akazimwagia maji ya moto, akaziacha humo mpaka kesho yake. Zilizovimba akazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa alizookota mnadani. Mimi nikamtania kwamba wifi yangu siku hizi anapika maharage yasiyoliwa. Zikaota, vijani vidogo vidogo laini. Panzi wakala yao, mchwa wakala yao, mbuzi wa majirani wakamaliza, ukabaki mche mmoja tu. Mvua zilipoanza akauhamishia zahanati, akauwekea majivu kwa ajili ya mchwa na kuuzungushia miiba.

Halafu mvua zikakatika, na kiangazi cha kwetu kinajulikana. Maji tunayafuata mbali. Yule mwanamke alikuwa akiogea kwenye beseni ili maji yasipotee, kisha anayabeba kichwani hadi zahanati. Watu wakasema amechanganyikiwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini mti ulikubali. Mwaka hadi mwaka ukapanda, ukanipita kimo, ukatandaza matawi kama mwavuli, ikawa siku za kliniki wajawazito wanagombea kukaa pale chini. Belinda aliposhika mimba ya pili alikuwa na mahali pa kukaa. Scholastika akija kunywa uji kwangu alikuwa anamtazama mwanawe pale kivulini, roho yake kwatu, ananiambia sasa bado ua tu.

Sasa sikia uchafu wa watu.

Zahanati ikajengewa choo kipya. Choo, jamani, matundu manne na bati juu. Ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kukizindua. Na kwetu mgeni rasmi haondoki bila kupanda mti, hata kama amekuja kuzindua choo, maana bila mti hakuna picha. Mwenyekiti wetu, Urbano, akaunda kamati ya maandalizi. Kamati ikala mbuzi, kamati ikashona sare za vitenge, kamati ikabishana kuhusu viti vya kukodi. Mche hakuna aliyeukumbuka mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tisa, ardhi imekauka, ukipiga jembe linaruka kama unalima sakafu.

Nilikuwa nawasha moto wangu nilipomwona Urbano anaingia na watu wenye mapanga na sururu. Nilidhani wamekuja kufyeka majani. Wakaenda moja kwa moja kwenye mkrismasi, wakaondoa miiba, wakaanza kukata. Wakakata matawi yote. Wakakata na shina, likabaki kimo cha kiuno, wakaliachia kijitawi kimoja chenye majani mawili matatu. Kisha wakachimba kuuzunguka, sururu zinakatakata mizizi, ili udongo uonekane mpya. Nikamwendea Urbano na mwiko mkononi, nikamuuliza wanafanya nini. Akanijibu huku anacheka:

"Mama, mgeni hawezi kupanda mti ulioshaota. Tunaurudisha uwe mche."

Watu wazima, wana wake na watoto, wanapewa salamu kanisani na msikitini, wamekaa wakafikiri, na walichokipata baada ya kufikiri ni hicho.

Scholastika alifika na beseni lake kichwani wakati sherehe imeshapamba moto. Mgeni rasmi ameshika koleo lenye utepe, anasukumia udongo kwenye mti uliopandwa zamani, anamwagia maji ya chupa ya dukani, watu wanapiga makofi na akina mama wa sare wanapiga vigelegele. Mgeni mwenyewe hakujua, masikini, aliambiwa panda akapanda. Wifi yangu hakupiga kelele. Alitua beseni, akazunguka nyuma ya choo walikotupa matawi, nikamfuata. Akaokota tawi moja akanionyesha ncha yake. Lilikuwa na vitumba vya maua, vya kwanza.

Kesho yake mti ukazungushiwa waya na kupigiliwa ubao wenye jina la mgeni. Mtendaji wa kijiji, Calist, kijana mdogo, akamfuata Scholastika nyumbani, akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, kisha akamwambia kwamba mti ule sasa ni kumbukumbu, una mtu wake wa kuumwagilia, asionekane tena pale na maji yake ya kuogea. Mtu wake huyo sijamwona mpaka leo. Na nipo pale langoni kila siku ya Mungu. Ukakauka wima, jina la mgeni likiwa limesimama palepale mbele yake.

Na wajawazito? Kivuli pekee kilichobaki kilikuwa cha ukuta wa choo. Huko ndiko walikohamia, wakatandika kanga zao wakaegemea ukuta, harufu inawapiga, nzi wanatua midomoni. Mwingine anatapika kabla hajaitwa kupimwa. Belinda, mimba imeshakuwa kubwa, alikaa pale, na mama yake kando akimpungia nzi kwa upande wa kanga. Nikiwapelekea uji walikuwa wanaufunika kwanza. Niambie wewe, hilo ndilo tulilolipigia vigelegele?

Siku moja mgeni rasmi alipita kwenda Nduguti, akasimamisha gari aone choo chake. Urbano na Calist wakatoka mbio kumpokea. Mheshimiwa alipokaribia akatoa leso akajiziba pua, akauliza kwa nini akina mama hawa wamekalishwa chooni.

Scholastika akainuka. Mheshimiwa ni mdogo kwake kwa mbali, akamwamkia, akaitikiwa marahaba. Kisha wifi yangu akasema kwa sauti ya kawaida tu, ile anayoniombea chumvi:

"Tulikuwa na kivuli pale, mwanangu. Ulikipanda wewe."

Mheshimiwa akageuka, akasoma jina lake, akakiona na kile kijiti kikavu nyuma ya ubao. Akaishusha leso. Urbano, kwa mazoea tu, akaanza kupiga makofi, akajikuta anapiga peke yake.