Mkubwa Yuko Mkutanoni

Kwa miaka minane nilifanya kazi katika masjala ya ofisi moja mjini Homa Bay, na kazi yenyewe, ukiondoa kupanga mafaili, ilikuwa kuwaambia watu waende zao. Kulikuwa na maneno ya kuwaondoa. Faili iko juu. Inashughulikiwa. Mwenye funguo amekwenda Kisumu. Mkubwa ametoka kidogo, mkubwa yuko mkutanoni, hebu rudi Jumatatu. Mtu aliyeamka alfajiri kule Sori alisikiliza, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Niliyakuta pale kama nilivyoikuta meza, na kufikia mwaka wa pili yalikuwa yakitoka yenyewe kabla mwenye shida hajamaliza kueleza shida yake.

Nyumbani kwetu ni Nyatike, upande wa Migori. Baba alikuwa amekwisha kufa, akaacha wana watatu, na mimi ndiye wa kwanza. Kwetu sisi Wajaluo, kijana hukaa katika simba yake, kibanda kilicho karibu na lango la baba, hata akiwa na mke na watoto, mpaka siku atakapotoka kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Na kutoka kuna foleni. Mkubwa hutangulia, wadogo wakafuata. Mdogo akimruka mkubwa wake anajitafutia chira, laana inayomkondesha mtu polepole mpaka inamzika.

Ndugu yangu anayenifuata alikuwa na mke na watoto wanne katika simba ya chumba kimoja. Hakuweza kutoka kabla yangu. Mimi nilikuwa na nyumba ya kupanga mjini, yenye stima na bomba la maji, na boma la kijijini sikuwa na haraka nalo hata kidogo.

Alichotaka kwangu kilikuwa kazi ya siku moja. Baba mdogo angetutangulia hadi kwenye kiwanja. Mwanangu wa kwanza angebeba jogoo, mimi shoka, mke wangu moto. Nyumba ndogo ingesimamishwa siku hiyo hiyo, tungelala humo, na njia ingekuwa wazi kwake. Aliniambia alitaka watoto wake wawe na lango lao. Aliyasema hayo kwa upole, maana hakuwa mtu wa kelele, na mara nyingi nadhani upole wake ndio ulionifanya nimzoee vibaya.

Mwaka wa kwanza nilimwambia sijapewa likizo. Wa pili nikamwambia mvua ni nyingi, ngoja ikatike. Ilipokatika nikamwambia kijana wangu ana mtihani. Baadaye mke wangu hakuwa na nafuu, jambo lililokuwa kweli kwa wiki moja, nami nikalitumia kwa miezi mitano. Mama alinitumia salamu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu kwa barua nzuri.

Mtu akiniuliza sababu hasa ilikuwa nini, sina. Sikumchukia ndugu yangu. Sikuwa na ugomvi na mila. Nilikuwa mvivu, basi, na maneno yalikuwa karibu kuliko gari la kwenda nyumbani.

Krismasi moja alinibana. Tulikuwa tumekaa nje ya simba yake, mkewe akichambua mchele karibu yetu. Aliniuliza ni kitu gani hasa kinachokosekana. Nikatafuta haraka nikasema miti. Nani ataikata, na mimi niko kazini? Na jogoo wa kwenda naye sina. Akasema sawa. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye ungo, akayarudisha.

Mwezi Machi, siku ya kazi, tarishi wetu alifungua mlango wa masjala. Alikuwa Mkuria wa kule Kehancha, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichoelewana nacho.

"Bosi, kuna mtu hapa nje anasema ni ndugu yako," akasema. "Ako na jogoo."

Meza yangu ilikuwa na gazeti na chai. Hakukuwa na kitu kingine juu yake. Nilijua ndugu yangu amekuja kufanya nini, na nilijua kwamba nikitoka nitaulizwa ni Jumamosi gani.

"Mwambie mkubwa yuko mkutanoni."

Kati ya masjala na benchi la wageni kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilikaa kimya. Vumbi la mafaili lilikuwa limenipa kikohozi kisichopona, kikanipanda nikakizuia, kikapanda tena. Nilikohoa mara mbili ndani ya leso. Ndugu yangu alikaa pale mpaka saa nane mchana, kisha nikasikia benchi likilia alipoinuka.

Tarishi aliniletea ujumbe. Miti iko tayari, nimeikata yote, imelala nyuma ya simba yangu. Huyu ndiye jogoo wako. Basi utaniambia siku.

Jogoo alikuwa mweupe, amefungwa miguu kwa katani. Nilimpeleka nyumbani nikiwa na nia ya kumfuga hadi siku hiyo ifike. Alikuwa akiwika na kumsumbua jirani. Jumapili ya pili tulimla na ugali, na nakumbuka kwamba alikuwa mtamu.

Ndugu yangu alianza kuumwa kabla ya mwaka kwisha. Miaka hiyo ya tisini wengi walikuwa wakikonda, na sisi tulikuwa na majina ya kuficha jina. Tulisema malaria. Tulisema kifua. Nilikwenda kumwona mara moja, nikamwambia akipata nguvu tutajenga. Alitikisa kichwa kukubali. Hakupata nguvu.

Alizikwa katika boma la baba, karibu na lango, mahali pa kijana ambaye hajatoka. Baada ya mazishi wazee walikaa kutafuta kilichomuua, na hawakutafuta mbali. Mmoja wao alikuwa ameiona miti nyuma ya simba, imenyooka, imechongwa, imepangwa kwa ukubwa. Wakasema huyu alikuwa anataka kumruka mkubwa wake. Chira imemkuta. Kisha wakanigeukia wakauliza kama nilimpa ruhusa ya kukata miti.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Miti ni yangu. Aliikatia nyumba yangu kwa sababu nilimwambia sina. Mkewe alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kichwa kimenyolewa, ananitazama.

"Sina habari na miti hiyo," nikasema.

Wazee wakaridhika. Sikuhisi chochote. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, lakini ulikuwa umetulia kama siku yoyote ya kazi.

Wakaagiza miti isiguswe. Hakuna aliyeichukua hata kwa kuni. Mchwa waliianza kwa chini, na watoto wa marehemu wakakua wakiambiwa na wenzao shuleni kwamba baba yao aliuawa na tamaa. Mama yao alipopita kisimani, wanawake wengine walimpisha zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mimi nilijenga mwaka uliofuata. Wazee walinishurutisha kwa ajili ya kitinda mimba wetu, naye asije akafa kwa kusubiri. Likizo ilipatikana. Mvua haikuzuia kitu. Nilinunua jogoo sokoni, tukakata miti mipya, na kazi yote ikaisha kabla ya alasiri.

Watu walipokuwa wakipandisha nyasi, mke wa marehemu aliniletea maji ya kunywa. Aliongea chini chini.

"Shemeji, waambie kuwa ile miti ilikuwa yako. Ni kwa ajili ya watoto tu."

Nikamwambia mambo kama hayo yana utaratibu wake, wazee hawaendewi ovyo, nitatafuta wakati mzuri. Alisubiri nimalize. Akapokea kikombe.

"Siku ile ya jogoo alikusikia ukikohoa," akasema. "Alikaa pale akijua uko ndani."

Nikamjibu kwamba mle ofisini tulikuwa wengi, na karibu wote tulikuwa na kikohozi.